Gitaa la Ukutani: Sisi Akina Mama Tulivyojifunza Noti

Mama msomaji, je, nyumbani kwako kuna kitu kilichotundikwa ukutani ambacho hakuna mtu anayekigusa? Kila nyumba huwa nacho. Kwa mwingine ni saa ya marehemu babu, kwa mwingine ni picha ya harusi. Kwa mwenzetu mmoja lilikuwa gitaa la mumewe.

Tuko akina mama watano hapa Morogoro. Kila Alhamisi jioni tunakutana kwa zamu nyumbani kwa mmoja wetu, tunaweka akiba kidogo, tunakopeshana, tunakunywa chai na kuzungumza mambo ya nyumba zetu. Mmoja wetu ni fundi cherehani, mmoja ni muuguzi mstaafu, wawili wana biashara ndogo sokoni, na wa tano ni huyu mwenzetu ambaye ni mjane. Mume wake alipofariki alimwachia watoto wawili: binti ambaye sasa yuko chuoni na mvulana aliye kidato cha pili.

Alhamisi moja mwenzetu alikuja na gitaa limefungwa kwenye khanga. Alikuwa amepata mteja, naye alihitaji fedha za ada ya binti. Tulimwuliza swali moja tu: "Kijana anajua?"

Akanyamaza. Kisha akatueleza jambo ambalo alikuwa akilificha kwa miezi mingi. Kijana alikuwa ameacha kuzungumza naye. Anarudi usiku, akiulizwa anapandisha mabega. Chakula anakula chumbani. Walimu wamekwisha kumwita mama mara mbili. "Nilimwambia nataka kuliuza," alisema mwenzetu, "akanijibu, 'Uza tu, Mama. Hakuna anayejua kulipiga humu ndani.'"

Tulitazamana. Sisi ni wazazi, na tulisikia ndani ya maneno yale kitu ambacho kijana hakukisema. Fundi cherehani akavunja ukimya: "Basi tujifunze sisi. Ada tutamkopesha kutoka kwenye mfuko. Gitaa lisiuzwe mpaka tuone." Tulicheka, lakini hakuna aliyepinga.

Gitaa ni la nani?

Tukiri kwamba wengi wetu tulilelewa tukiamini gitaa si chombo cha mwanamke, tena mwanamke mwenye familia. Mji wetu ndio uliomlea Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa hodari aliyeng'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, na ambaye alifariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Wazazi wetu waliyasikia magitaa hayo kutoka kwenye kumbi za dansi, nao walitukataza hata kusimama karibu na mlango. Hivyo tulikua tukilihusisha gitaa na ulevi na usiku.

Lakini gitaa ni mti na nyuzi sita. Halina tabia yake lenyewe. Hata kwaya zetu zimelitumia miaka mingi, ingawa mara nyingi anayelishika ni kijana wa kiume, na akipata kazi mji mwingine kwaya nzima hubaki ikipiga makofi.

Tulimwendea mzee mmoja aliyewahi kufundisha kwaya. Tulitarajia angetuonyesha nyimbo mara moja. Badala yake alituambia, "Kwanza mtajifunza majina. Vijana wengi wanakariri mahali pa kuweka vidole, lakini ukiwauliza wamebonyeza noti gani, hawajui. Mwimbaji akisema wimbo uko juu mno, ushusheni, wanakwama. Ni kama mtu aliyekariri njia moja ya kwenda sokoni. Njia ikifungwa, harudi nyumbani."

Nyuzi sita na majina yake

Nyuzi za gitaa huhesabiwa kutoka ule mwembamba kabisa, ambao ni wa kwanza, hadi ule mnene, ambao ni wa sita. Zikipigwa wazi, yaani bila kubonyezwa mahali popote, majina yake kuanzia ule mnene ni E, A, D, G, B na E tena. Uzi wa kwanza na wa sita una jina moja, ila mmoja una sauti nzito na mwingine sauti nyembamba.

Majina hayo yalitusumbua wiki nzima. Muuguzi ndiye aliyetuokoa kwa sentensi ya kukumbukia: "Enyi Akina Dada, Gitaa Bado, Endeleeni!" Chukua herufi ya kwanza ya kila neno na utapata E, A, D, G, B, E. Tangu siku hiyo hakuna aliyesahau.

Kwenye shingo ya gitaa kuna vyuma vyembamba vilivyokatiza. Wapigaji huviita freti. Ukibonyeza uzi nyuma kidogo ya freti, si juu ya chuma chenyewe, unaufupisha uzi, na sauti inapanda. Freti moja ni hatua moja ndogo kabisa. Ukipanda freti 12 unafika kwenye noti ileile uliyoanzia, lakini ya juu.

Fundi cherehani hakuamini mpaka alipotoa futi yake ya kushonea. Alipima uzi kutoka kile kipande cha juu ambacho nyuzi hupitia hadi kile cha chini kwenye tumbo la gitaa. Akapata sentimita 65. Kisha akapima hadi freti ya 12. Sentimita 32 na nusu! "Kumbe ni nusu kabisa," alisema, "kama kukunja kitambaa." Ndivyo ilivyo. Uzi ukikatwa nusu, hutoa noti ileile ya juu yake. Na ukitazama vizuri utaona kwamba freti zinakaribiana kadiri unavyopanda, kwa sababu uzi unaobaki ni mfupi, na hatua za uzi mfupi ni fupi pia.

Do re mi ilivyotusaidia

Noti zote ni 12, lakini zenye majina ya herufi tupu ni saba tu: A, B, C, D, E, F, G. Tano zilizobaki hukaa katikati yao na huitwa kwa kuongeza neno shapu, kama vile C shapu au F shapu. Tatizo ni kwamba hazikupangwa sawa. Kati ya herufi nyingi kuna freti mbili, lakini kati ya E na F ni freti moja tu, na kati ya B na C ni moja tu. Kwa nini? Hapo ndipo tulipotaka kukata tamaa.

Mzee akatabasamu. "Nyinyi si mmeimba kwaya tangu mkiwa wasichana? Niimbieni do re mi." Tukaimba. Akasema, "Sasa imbeni mi na fa. Kisha ti na do. Hamsikii kuwa wanakaribiana?" Tukasikia! Ni kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja, wakati nyumba nyingine zina uchochoro katikati. Ukiifanya C kuwa do, basi D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni so, A ni la, na B ni ti. Wale majirani wa ukuta mmoja, mi na fa, ndio E na F. Na ti na do ndio B na C. Jambo ambalo masikio yetu yalilijua kwa miaka 30 lilikuwa pale kwenye mti, likingoja vidole.

Inafaa akina mama wajue kwamba do re mi ya kwaya zetu ina historia ya mwanamke. Sarah Glover alikuwa binti wa mchungaji katika mji wa Norwich, Uingereza. Alitafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba kwa kusoma herufi badala ya alama ngumu, na mwaka 1835 alichapisha kitabu kuhusu njia hiyo. Mchungaji John Curwen aliichukua, akaibadilisha kiasi na kuieneza, na wamisionari wakaileta Afrika. Kila mara tunapofungua kitabu cha kwaya chenye d, r, m, tunasoma kazi iliyoanzia kwa mwalimu yule.

Basi tulianza na uzi mmoja. Uzi wa tano, ukiwa wazi, ni A. Freti ya 2 ni B, ya 3 ni C, ya 5 ni D, ya 7 ni E, ya 8 ni F, ya 10 ni G, na ya 12 ni A tena. Tuliimba la, ti, do, re, mi, fa, so, la huku kidole kikitembea. Wiki iliyofuata tukahamia uzi wa sita: wazi ni E, freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C, ya 10 ni D, ya 12 ni E. Na kwa kuwa uzi wa kwanza una majina yaleyale, tulipata nyuzi mbili kwa kazi ya mmoja. Mama gani hapendi bei hiyo?

Magitaa mengi yana vidoti kwenye shingo, kwa kawaida katika freti ya 3, 5, 7, 9 na 12. Hivyo ni kama nguzo za barabarani. Usihesabu freti moja moja kila mara; tafuta kidoti kilicho karibu, kisha songa.

Noti moja, nyumba nyingi

Jambo lililotushangaza ni kwamba noti moja haikai mahali pamoja. C, kwa mfano, iko kwenye kila uzi: uzi wa sita freti ya 8, wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 10, wa tatu freti ya 5, wa pili freti ya 1, na wa kwanza freti ya 8. Mzee alitupa zoezi moja tu la kufanya nyumbani. Kila siku chagua noti moja, itafute kwenye nyuzi zote sita, na itaje kwa sauti kila unapoipata. Dakika kumi, si zaidi. Mmoja wetu alifanya akisubiri maharage yaive. Mwingine alichora shingo ya gitaa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita na kuibandika karibu na jiko. Kwa kuwa gitaa lilikuwa moja tu, siku zisizo zake alifanya mazoezi kwa kijiti juu ya karatasi.

Kuna njia ya mkato pia. Ukiwa kwenye uzi wa sita au wa tano, ruka uzi mmoja kuelekea kwenye nyembamba, kisha songa freti mbili mbele, na utaikuta noti ileile ya juu. G iliyo uzi wa sita freti ya 3 utaikuta uzi wa nne freti ya 5. Ukianzia uzi wa nne au wa tatu, fanya hivyohivyo lakini songa freti tatu badala ya mbili. Tofauti hiyo inatokana na uzi wa pili, ambao umefungwa karibu zaidi na wa tatu kuliko nyuzi nyingine zinavyoachana.

Ukijua hayo unaweza pia kulirekebisha gitaa sauti bila msaada wa mtu. Uzi wa sita ukibonyezwa freti ya 5 unapaswa kulingana na uzi wa tano ulio wazi. Uzi wa tano freti ya 5 ulingane na wa nne. Wa nne freti ya 5 ulingane na wa tatu. Wa tatu, freti ya 4, ulingane na wa pili. Wa pili freti ya 5 ulingane na wa kwanza. Siku hizi kuna programu za simu zinazopima sauti, nazo zinafaa, lakini sikio lililozoea haliishiwi chaji.

Maumivu na vicheko

Tusidanganyane, vidole viliuma. Wiki mbili za kwanza ncha za vidole vya mkono wa kushoto zilikuwa nyekundu, na aliyekuwa akifua alihisi sabuni ikimchoma. Baadaye ngozi hukomaa. Kata kucha za mkono huo ziwe fupi. Ukinunua gitaa, lile la nyuzi za nailoni ni laini zaidi kwa anayeanza; lakini usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni, kwa maana mvuto wake ni mkubwa na unaweza kuliharibu.

Waume zetu nao walicheka. Mmoja aliuliza kama sasa tutaanza kupiga kwenye harusi. Hatukujibu kwa ukali. Tuliendelea. Baada ya mwezi mmoja, mume huyohuyo alimwomba mkewe amwonyeshe A iko wapi.

Mama aliyeanza tena uzeeni

Tulipochoka, tulisimuliana habari za Elizabeth Cotten wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1893 huko North Carolina. Alipokuwa msichana mdogo alifanya kazi za nyumbani katika nyumba za watu, akaweka akiba na kununua gitaa lake. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa hakuwa na mwalimu aliligeuza gitaa juu chini, nyuzi nyembamba zikawa juu, akajifunza hivyohivyo. Kisha akaolewa akiwa bado mdogo, akazaa binti, na kanisani aliambiwa aache nyimbo za kidunia. Gitaa likawekwa kando. Likakaa kando kwa miaka mingi sana.

Baadaye, akiwa mtu mzima, alifanya kazi dukani. Siku moja alimkuta mtoto aliyepotea, akamrudisha kwa mama yake. Familia hiyo, ya akina Seeger, walikuwa wanamuziki, nao wakampa kazi nyumbani kwao. Huko kulikuwa na gitaa limetundikwa ukutani. Akalichukua, akaanza kukumbuka. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, naye amekwisha kupita miaka 60. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy akiwa na miaka 92. Alifariki mwaka 1987.

Mwenzetu mjane aliposikia habari hiyo hakusema neno. Lakini tuliona akilipangusa gitaa lile kwa ncha ya khanga kabla ya kulirudisha ukutani.

"Hiyo si C, Mama"

Sasa turudi kwa kijana. Alhamisi ya tano au ya sita tulikuwa nyumbani kwa mama yake. Kijana aliingia, akatuamkia, "Shikamooni," akapita moja kwa moja chumbani kwake. Mama yake alikuwa akitafuta C kwenye nyuzi zote. Alipofika uzi wa tatu alibonyeza freti ya 4 na kutamka kwa sauti, "C!"

Kutoka chumbani tukasikia, "Hiyo si C, Mama. Hiyo ni B. Songa moja mbele."

Sote tuliacha vikombe. Mama yake akauliza taratibu, "Umejuaje, baba?"

Kijana akaja mpaka mlangoni. Alisimama pale, macho chini. "Baba alinifundisha," alisema. "Alikuwa ananishika kidole anakiweka pale. Anasema, C ni nyumbani, ukipotea rudi hapa." Akanyamaza. "Sikutaka kuligusa. Niliona nikilipiga, wewe utalia."

"Na mimi nililiacha ukutani," mama yake akajibu, "nikidhani nikilishika, wewe utaumia."

Kwa hiyo kwa miaka mitatu mama na mwana walikuwa wakipita mbele ya gitaa lile, kila mmoja akiogopa kumliza mwenzake. Mama alilia kweli jioni ile, na kijana pia. Sisi wengine tulikwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Hatutaki kusema kwamba mambo yote yalinyooka siku ileile. Bado kuna siku kijana anachelewa, na bado mama yake anamkemea. Lakini anakula mezani. Walimu hawajamwita mama tena. Na Alhamisi, ikiwa tuko nyumbani kwao, yeye ndiye mwalimu wetu. Mzee amebaki kuja kunywa chai na kusahihisha. Deni la ada linalipwa polepole kwenye mfuko, na yule mteja wa gitaa alikwisha kuambiwa kwamba halipo sokoni.

Mama msomaji, ukitaka kuanza

Huenda nyumbani kwako hakuna gitaa, au mwanao anapenda mpira au kuchora. Si lazima liwe gitaa. Lakini mtoto anayekunyamazia huenda anajua kitu ambacho hujawahi kumwomba akufundishe. Kaa chini uwe mwanafunzi wake. Kubali kukosea mbele yake.

Na kama ni gitaa, basi anza hivi: wiki ya kwanza, majina ya nyuzi sita. Wiki ya pili, uzi wa tano. Wiki ya tatu, uzi wa sita, na kwa hiyo na wa kwanza. Kisha wa nne, wa tatu na wa pili, wiki moja kwa kila mmoja. Baada ya hapo, noti moja kila siku kwenye nyuzi zote. Taja kwa sauti, ili na walio chumbani wasikie. Anaweza kuwapo mtu wa kukusahihisha.